Ukurasa wa Mia Tatu na Kumi na Mbili

Alhamisi, Valdivia, mvua ina siku ya tisa.
Juu kwenye maktaba jiko la kuni linakohoa
na sisi wanne tumelizunguka busu moja
kama mafundi waliozunguka injini iliyogoma.

Eleuterio, miaka thelathini kwenye karakana ya boti,
anasoma kwa sauti, kidole kikiuandama mstari:
"Langoni pa chumvi, kabla hakujapambazuka, alimbusu
kama afungaye mlango. Kisha theluji ikaanguka."

Basi. Sura imekwisha.
Sura inayofuata Irvane yuko njiani peke yake
na hajui anaitwa nani.

"Nani alimbusu nani?" auliza Yanara.
Ana miaka kumi na saba, hapendi kuzungushwa.
Mwandishi kasema alimbusu, neno moja,
wawili wamo ndani kama maharage ganda moja
na hakuna aliyetoa kichwa.

Tunachojua: Sorquel ni wa ukoo wa wanyonya-majina.
Mdomo wake ukikugusa, jina lako linamhamia,
nawe unabaki mtungi uliosuuzwa.
Tunajua pia, tangu sura ya nne,
kwamba aliapa: wote, lakini si Irvane.

"Basi kaiba," asema Eleuterio. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Doña Ismenia anakata keki ya tufaha.
Alikuwa nesi; hata kisu anakishika kwa upole.
"Kaiba nini? Jina lile lilikuwa linawindwa,
limechongwa kwenye kila mti wa kunyongea.
Kumvua ni kumvua shati linalowaka moto."

"Na kama Irvane ndiye aliyesogea?" Yanara tena.
"Kama alijua, akaenda mwenyewe,
akasema chukua, limenichosha?"

Hapo hata jiko likanyamaza.
Chini, kando ya soko, simba wa bahari
walikuwa wakigombea vichwa vya samaki
kwa sauti za watu wanaodaiana.

Kisha ukaja ule mlango.
Kuna afungaye ili mtu asiingie, asema Eleuterio,
na afungaye ili asitoke.
"Mimi zamu za usiku," asema Doña Ismenia,
"nilikuwa nafunga kwa kisigino.
Mikono imejaa. Hukusudii lolote,
unataka tu baridi isimpate mgonjwa."

Yanara amekisogeza kitabu kwenye taa.
"Tazameni. Kuna mtu aliandika."
Pembeni, kwa penseli, neno dogo: Mwongo.

Ni Sorquel huyo, kiapo kimevunjwa.
Hapana, ni mwandishi, kaogopa kusema.
Hapana, msomaji huyu alikuwa na kisa chake,
asema Yanara, na anacheka.

Mimi nainuka, natia gogo jikoni
ingawa jiko halikuliomba.

Mwandiko ule ninaujua.
Ulivyolalia kushoto, ulivyokandamiza
hata ukurasa wa nyuma ukavimba.
Nilikiazima kitabu hiki miaka kumi na mmoja iliyopita,
Julai, wiki ile Fermín alipokwenda Punta Arenas
kwa kazi ya siku kumi na nne.
Alfajiri, mlangoni, teksi ikinguruma,
palikuwa na busu.
Nakumbuka koti lake, kifungo cha tatu kikining'inia kwa uzi.
Sikumbuki aliyesogea kwanza.

Alirudi, msidhani. Alirudi siku ya kumi na tatu.
Tunaishi vizuri. Jana kanunua kuni,
akazipanga barazani kwa ukubwa.

Lakini usiku mmoja kati ya zile kumi na tatu
niliketi kitandani na kitabu cha watu,
nikamwita mtu mwongo
kwa nguvu ya kutoboa karatasi.
Irvane, Sorquel, Fermín.
Au aliyeishika penseli.
Nimejaribu tangu keki ilipokatwa, sipati.

Yanara anapekua mkoba, ametoa kifutio.
"Vitabu vya maktaba haviandikwi," asema.

"Liache," nasema.
Wote watatu wananigeukia.
"Liache kwanza. Soma tena ule mstari."